Ngoja Mpaka Tarehe Sita

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mtu wa namna hiyo hatumlaumu. Lakini Norman Thackray wa Otley hakuwahi kuumwa. Tangu aanze kazi akiwa kijana, kodi yake ilikatwa kwenye mshahara kabla hajauona, kimyakimya, kama wanavyokatwa wafanyakazi wote wa Uingereza, na hakuna mtoza kodi aliyewahi kumbishia hodi. Hata hivyo, mtajie kodi uone. Uso ulimwiva, kikombe cha chai akakitua mezani, na hapo ukajua kwamba jioni yako imekwisha.

Kazi yake ilikuwa kutahini madereva. Miaka thelathini alikaa kiti cha abiria na kalamu mkononi, akiwafelisha watu wa bonde zima la mto Wharfe. Kosa alilolipenda kuliko yote lilikuwa kusitasita. Ukifika kwenye kipilefti ukangojea gari ambalo bado liko mbali, Norman alitia alama yake, kisha akakueleza kwa ile sauti yake ya upole iliyokuwa ikiwatoa watu machozi, kwamba barabarani mtu asiyejua kuamua ni hatari kuliko anayekwenda kasi. Nusu ya mji ilimkumbuka kwa hilo, na haikumkumbuka kwa wema.

Januari alistaafu. Februari akalipwa kiinua mgongo, pauni elfu thelathini na nane kwa mkupuo mmoja, hela ambazo hakuwahi kuziona zikiwa zimesimama pamoja. Mkewe Glenys, aliyepika chakula cha watoto wa shule mpaka magoti yakagoma, alizifurahia hela hizo kwa sababu moja tu. Alikuwa na dada yake mkubwa, Avis, aliyeolewa Kanada zamani na kubaki huko mjini Hamilton. Avis alikuwa mjane sasa, na moyo wake ulikuwa umechoka. Kila Jumapili walizungumza kwenye simu, na kila Jumapili Glenys alimwambia kwamba Norman akistaafu tu, atakuja.

Basi hela zilipoingia, Glenys akamwuliza mumewe kama sasa akate tiketi. Norman akajibu kuwa tiketi atakata, nani kamkataza, ila kwanza hela zipatiwe pa kukaa. Hela haziwezi kulala nje, akasema. Glenys akaona ni jambo la siku mbili. Maskini, alikuwa ameishi na mtu huyu miaka yote hiyo na bado alikuwa na matumaini.

Shauri lenyewe halikuwa kubwa. Chama cha akiba cha pale mjini kilikuwa na akaunti mbili. Moja ilikuwa ya kawaida, yenye riba ya nne na nusu kwa mia, na riba hiyo kwa sheria ingeweza kutozwa kodi. Nyingine ilikuwa ile isiyotozwa kodi, ambayo serikali yenyewe imeiruhusu, na riba yake ilikuwa nne tu. Zote mbili unaweza kutoa hela siku yoyote upendayo. Mtu mwingine angeuliza maswali mawili, akatia sahihi, akaenda kununua samaki wa kukaanga. Norman alifunga safari.

Alinunua magazeti ya Jumamosi kwa ajili ya kurasa za akiba, akayakata kwa mkasi, akavitandaza vipande kwenye meza ya jikoni, na Glenys akawa anakatia karoti juu ya ubao wa kupigia pasi. Alipiga hesabu za kodi ya mwaka huu, za mwaka kesho, na za mwaka ambao chama fulani kibaya kitashinda uchaguzi. Asubuhi alikuwa wa akaunti ya kawaida, jioni alikuwa wa ile nyingine. Yule mtu aliyefelisha wasichana wa miaka kumi na saba kwa kungojea gari la maziwa lipite, alisimama kwenye kipilefti chake majuma matatu na hakuingia.

Waliomjua walimpa ushauri, na ushauri wote ulikuwa mmoja. Uliotolewa bila sukari ni ule wa Cyril Hebblethwaite, mchinjaji mstaafu, mwenzake wa klabu ya mchezo wa tufe. Walikuwa wameketi klabuni na bia zao, mvua inaunyeshea uwanja, na Norman alikuwa ameshaeleza hatari ya mtoza kodi mara mbili.

"Norman, kaka, hebu nisikilize," Cyril akasema. "Serikali imeshasema, mtu wa kipato chako, riba ya mwaka isipofika pauni elfu hawaigusi. Ukiziweka zako zote pamoja na mkeo, mkagawana, hamfiki huko. Weka kwenye ya kawaida, ule hiyo nusu ya riba iliyozidi, ulale."

"Leo ndivyo wanavyosema," Norman akajibu. "Kesho je?"

"Kesho utahamisha. Kwani zimefungwa minyororo? Rafiki yangu, nikwambie ukweli? Unahangaika kuficha kitu ambacho hakuna anayekitafuta. Hela zako hazitoshi kuibiwa."

Watu wa meza ya pili walicheka. Na hapo ndipo shauri lilipoamuliwa, ingawa Norman angekataa mpaka kaburini. Maana Mwingereza wa aina yake unaweza kumwambia kuwa ni bahili, akatabasamu. Mwambie mkono wake ni wa birika, ataona umemsifu. Lakini kumwambia mbele ya watu kwamba hana hela za kutosha kumfanya mtoza kodi ageuze shingo, hilo ni tusi la nguoni. Wanaokwepa kodi ni watu wenye mali. Norman hakuwa tayari kuhesabiwa miongoni mwa wale ambao serikali imewasamehe kwa kuwaonea huruma. Alimaliza bia yake, akavaa kofia, na kesho yake asubuhi akamchukua Glenys wakaenda kufungua akaunti isiyotozwa kodi, yenye riba ndogo. Kukata pua kuunga wajihi, wahenga walisema, na hawakuwa wamefika Otley.

Dirishani walimkuta Bi Rukhsana, ambaye Norman alimtahini zamani na kumfaulisha kwa shida. Norman akasema anataka kuweka elfu zote thelathini na nane kwenye akaunti ile, kwa majina mawili, lake na la mkewe. Bi Rukhsana akamweleza taratibu kuwa akaunti ile haifunguliwi kwa majina mawili. Kila mtu na yake, na kila mtu haruhusiwi kuweka zaidi ya elfu ishirini kwa mwaka, mwaka wenyewe ukiwa ule wa kodi unaofungwa tarehe tano Aprili. Kwa hiyo Bwana Thackray aweke ishirini zake. Elfu kumi na nane zinazobaki ama ziende akaunti ya kawaida, ama ziwekwe kwa jina la Bi Thackray, kwenye nafasi yake yeye.

Norman akaanza kupiga hesabu kwa vidole. Foleni nyuma yake ilianza kukohoa. Kwa mara ya kwanza maishani aliulizwa waziwazi yeye anamwogopa nani zaidi, serikali au mke wake. Alimtazama Glenys, aliyesimama na mkoba wake wa sokoni, mwanamke ambaye hakuwahi kuwa na akaunti zaidi ya ile ya matumizi ya nyumbani, ambaye kwa miaka yote alikuwa akirudisha chenji. Akaona hapana hatari.

"Haya mpenzi, tia sahihi hapo," akamwambia.

Glenys akatia. Akamwuliza Bi Rukhsana kitu kimoja tu, kama akitaka kutoa atatoa. Akajibiwa kuwa siku yoyote, aje na kitambulisho chake. Norman hakusikia, alikuwa anasoma masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo. Waliporudi nyumbani alikuwa mchangamfu kuliko siku ya harusi, akapika mayai mwenyewe.

Sasa Glenys akauliza tena habari ya tiketi. Ndipo alipogundua kuwa hela zile hazikuwa hela tena. Norman alimweleza kwa subira, kama alivyokuwa akiwaeleza waliofeli. Nafasi ile ya kutotozwa kodi ni ya mwaka mmoja. Ukitoa pauni, nafasi yake imekufa, huwezi kuirudisha pauni ileile mahali pake mwaka huohuo. Tarehe sita Aprili mwaka mpya unaanza na nafasi mpya inafunguka. Basi asubiri mpaka tarehe sita, ndipo atoe. Ni majuma machache, na Avis haendi popote.

Hesabu hiyo ilikuwa na tundu ambalo hata ng'ombe angepita. Hela ikishakwenda kununua tiketi ya ndege imekwenda, uitoe Machi au uitoe Aprili. Hakuna nafasi ya kuirudisha kwa kuwa hakuna cha kurudisha. Norman alikuwa anailinda nafasi ya kuweka hela ambazo zingekuwa zimeshaliwa na shirika la ndege. Lakini hebu jaribu kumwambia hivyo mtu ambaye meza yake ya jikoni imejaa vipande vya magazeti. Hata Glenys, aliyeliona tundu lile mara moja, alijaribu jioni mbili akaacha. Akakubali kusubiri, na nadhani hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote, kwamba alikubali.

Katikati ya Machi, Jumapili, simu haikupokelewa na Avis. Aliipokea binti yake, Noreen. Alisema mama alilazwa, sasa amerudishwa nyumbani, na daktari hakumpa dawa mpya, akamwambia tu apumzike na watu wake. Halafu Noreen akasema kwamba mama huuliza kila siku kama shangingi mdogo amefika, maana ndivyo Avis alivyokuwa akimwita Glenys tangu utotoni, kwa sababu Glenys alipenda kujipodoa mbele ya kioo cha mama yao.

Glenys alikata simu, akaja jikoni. Norman alikuwa anapaka siagi mkate. Akamwambia kila kitu, mpaka lile neno la shangingi, ambalo lilimfanya acheke na kulia kwa pamoja. Norman alisikitika, nisimsingizie. Alimpenda shemeji yake. Aliweka kisu chini, akamshika mkewe bega. Kisha akasema, "Ni jambo baya sana, mpenzi. Tukaze moyo. Tarehe sita si mbali."

Glenys alikwenda kwenye sinki. Aliosha vyombo vyote, hata vile visafi.

Ijumaa ni siku ya soko. Glenys aliondoka na mkoba wake kama kawaida, akanunua viazi na jibini, akapita dirishani kwa Bi Rukhsana akiwa na kitambulisho, kisha akaingia kwa wakala wa safari. Aliporudi alimwambia mumewe ukweli wote pale pale mlangoni, kabla ya kuvua koti, kwa sababu alijua kwamba akikaa tu atabadili nia. Ametoa hela. Amekata tiketi. Anaondoka Jumatatu.

Norman alitoka bila kofia. Alifika dirishani akihema, akamwambia Bi Rukhsana kuwa kumetokea makosa kwenye akaunti ya elfu kumi na nane, na anaomba muamala ule urudishwe kabla siku haijafungwa, nafasi isije ikafa.

"Akaunti ya nani, Bwana Thackray?" Bi Rukhsana akauliza.

"Yetu. Ya kwangu. Kiinua mgongo changu."

"Ya kwako ipo salama, hakuna aliyeigusa."

"Ile nyingine. Ya mke wangu."

"Hiyo siwezi kuizungumza na wewe, mzee wangu. Sheria. Mpaka mwenyewe aje, au aridhie kwa maandishi."

Norman akamwambia kuwa hela zile ni jasho lake. Bi Rukhsana akasema anaelewa. Norman akauliza basi angalau aambiwe zimebaki ngapi. Bi Rukhsana akasema hata hilo, samahani sana, haruhusiwi. Mtu huyu alitumia miaka thelathini kuwaambia wengine kuwa kanuni ni kanuni, hairudi nyuma kwa machozi ya mtu. Sasa alisimama mbele ya kioo, mikono mitupu, na nyuma yake foleni ikakohoa tena. Alirudi nyumbani polepole.

Alimkuta Glenys chumbani, sanduku wazi kitandani, anakunja sweta. Norman akasimama mlangoni, na badala ya kusema lolote kati ya mambo mengi ambayo mume anaweza kusema, alisema lilelile.

"Glenys, ungengoja kidogo tu. Ukishazitoa hazirudi tena. Unanielewa? Hazirudi."

Glenys aliendelea kukunja. "Nakuelewa. Na Avis je?"

"Avis vipi?"

"Avis akiondoka, atarudi lini, Norman? Wewe si ndiye mwenye kalenda. Niambie tarehe, nitangoja."

Hakuwa amepaza sauti. Norman aliteremka chini kuchemsha maji ya chai. Walikunywa bila maziwa, maana hakuna aliyekumbuka kuyatoa.

Jumatatu alimpeleka uwanja wa ndege wa Manchester, na nikiri kwamba aliendesha vizuri. Njia nzima hakupita kasi ya sheria wala hakupungua. Gari akaliegesha mbali, mahali pasipo malipo, wakavuta sanduku kwenye mvua mpaka magoti ya Glenys yakauma. Pale langoni alimwachia mpini wa sanduku. Akamwuliza kama amekumbuka tembe zake. Glenys akasema amekumbuka, akambusu shavuni, akaingia.

Majuma mawili Glenys alipokuwa Kanada, Norman alikuwa mgonjwa wa kuchosha watu. Klabuni alimweleza kila aliyemsikiliza jinsi nafasi nzuri kabisa ya mkewe ilivyokufa ikiwa na umri wa siku chache. Alipiga hesabu ya riba ambayo ingepatikana kwa miaka kumi, na kwa ishirini, kana kwamba yeye na Glenys wangekuwa hai kuila. Mtu mmoja akamwuliza shemeji yake anaendeleaje, akajibu kuwa vilevile, akarejea kwenye riba. Hatimaye Cyril alichoka.

"Norman, niliwahi kufeli mtihani wako mara mbili," akasema. "Unakumbuka kosa?"

Norman hakukumbuka. Walikuwa wengi.

"Kusitasita. Mke wako amefaulu mara ya kwanza, na wewe unataka kumnyang'anya leseni."

Norman alisema hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, akaenda zake nyumbani kabla ya saa yake. Alikula maharagwe ya kopo juu ya mkate uliochomwa, akiwa amesimama. Nyumba ilikuwa kubwa kuliko alivyoidhani. Glenys alipiga simu mara chache tangu aondoke, kwa kifupi: Avis amemtambua, Avis amekula mchuzi kidogo, jana Avis alitaka apakwe rangi ya mdomo na Glenys akampaka. Norman alijibu vizuri, vizuri, kisha akamwuliza kama hali ya hewa huko ni ya baridi.

Halafu simu ililia mchana mmoja, akiwa anafuta meza ya jikoni. Alijua ni Glenys.

"Ameondoka asubuhi hii," akasema. "Nilikuwa nimemshika mkono. Hakuhangaika."

"Pole, mpenzi," Norman akasema. "Pole sana."

"Ahsante."

Nyuma yake huko Hamilton kulikuwa na sauti za watu, na mlango ukifunguliwa na kufungwa. Norman alidhani amemaliza.

"Norman."

"Naam."

"Leo tarehe ngapi?"

Kalenda ilikuwa ukutani mbele yake, yenye picha ya madaraja ya Yorkshire, na tarehe sita ilikuwa imezungushiwa kalamu nyekundu kwa mkono wake mwenyewe. Hakuhitaji kuitazama.

"Tatu," akasema.

Glenys hakuikata simu. Simu ya kutoka Kanada hutozwa kwa dakika, na Norman alikuwa anajua kwa kiasi gani. Alikaa kwenye kiti, kipokezi sikioni, akamsikiliza mkewe akilia mpaka mwisho.